Jicho la Jumatatu: Maisha ya Kaka Yetu, Kidevu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa hospitali ya macho mliokuja na sare zenu. Familia imemwomba mdogo wa kike wa marehemu, yule fundi cherehani wa hospitali, awasomee maisha ya kaka yake. Amekubali, ingawa amechoka, na nakala yake imechapwa kwa herufi kubwa ili asiruke mistari. Akinyamaza katikati msimharakishe, anatafuta tu mahali alipoishia.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Agosti 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa nne kutoka kwenye bomba la maji. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba alikuwa fundi wa taa za ishara za treni, mama alikuwa mkunga msaidizi. Ninyi nyote mlimwita Kidevu. Wageni walidhani jina limetokana na umbo lake, wakamtazama wakashangaa, maana kidevu chenyewe Mungu alimpunguzia. Jina lilitoka kazini. Kwa miaka arobaini na miwili alimwambia kila mgonjwa neno moja, “Weka kidevu hapa,” hata nyumbani kwake mgeni akikaribishwa kiti alibaki akitafuta pa kuweka kidevu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli. Mdogo wake alipofika umri wa kwenda shule, marehemu alikuwa mkubwa tayari, ana marafiki zake na aibu zake. Mama akamwagiza amshike mtoto mkono na yeye atembee upande wa barabarani, magari yanakopita. Alilalamika njia nzima. Alisema wenzake wanamcheka, kwamba amegeuzwa yaya. Lakini hakubadilisha upande hata siku moja. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1974, na fizikia ndiyo iliyombeba, masomo mengine alipita kwa kusukumwa.

Mwaka 1975 aliingia kazi ya kusafisha picha kwenye studio moja mjini, chumba cha giza, mikono kwenye dawa kutwa nzima. Huko ndiko alikojifunza kutazama. Mwenye studio alikuwa na msemo kwamba picha mbaya haipo, yupo mtu aliyeitazama upesi. Marehemu aliuchukulia msemo huo kama amri. Tarehe 1 Februari 1979 hospitali ya macho ikamwajiri awe mpiga picha wa sehemu ya ndani ya jicho. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, pazia jeusi, stuli ya kuzunguka iliyochanika ngozi, na feni iliyozunguka kwa manung'uniko. Wagonjwa walitoka mle wakipepesa macho, na wote walitoka wakicheka, kwa sababu ya maneno aliyowaambia ili wasifumbe.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 10 Desemba 1983, na karani wa mapokezi wa hospitali hiyohiyo. Wifi yetu yupo hapa, na ameruhusu jambo hili lisemwe. Katika siku za uchumba marehemu hakumpelekea maua. Alimpiga picha ya nyuma ya jicho, akaisafisha, akaitia kwenye fremu, akamletea mapokezi mbele ya foleni. Duara la rangi ya machungwa, doa jepesi pembeni, vimishipa vyekundu. Wifi aliigeuza huku na huku, kisha akauliza hilo chungwa limeoza tangu lini. Marehemu akamwambia ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kupiga picha. Fremu ile bado iko ukutani sebuleni, na wajukuu mpaka leo wanaiita chungwa la bibi.

Sasa tumefika mahali ambapo kamati ya mazishi ilishauri papitwe haraka. Mdogo wake amekataa. Marehemu mwenyewe hakupapita haraka, na ukipaondoa hapo, kinachobaki si maisha yake.

Mwaka 2009 hospitali ilipata mashine mpya ya kupiga picha za retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Ile ya zamani ilionyesha sura tu. Hii ilipima unene wa utandu wa nyuzi za fahamu nyuma ya jicho, zile zinazokusanyika kuwa mshipa mmoja na kupeleka habari ubongoni. Ilitoa karatasi yenye rangi na namba: utandu ukiwa mzima, kijani, ukiwa umeliwa, nyekundu. Mtu mwenye macho mazima hupata kama mia, au pungufu kidogo. Maelekezo yalisema kila mwanzo wa wiki mashine ijaribiwe kwa jicho moja lilelile lenye afya, ili wajue kama inapima sawasawa. Jicho bandia la kujaribia lilipaswa kuja na mashine, nalo halikuja. Marehemu akavuka uwanja hadi chumba cha ushonaji, akamchukua mdogo wake. Hiyo ilikuwa Jumatatu, tarehe 5 Oktoba 2009. Jicho la kulia likatoa mia na moja. Akaandika kwa kalamu ya wino juu ya mashine: “Mia na moja. Jicho la dada mtu.”

Ikawa desturi. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi mdogo wake aliacha cherehani, akaweka kidevu, wakasemana kidogo, akarudi. Karatasi ya majaribio haikuingia kwenye faili lolote, kwa sababu haikuwa ya mgonjwa. Marehemu alitazama namba moja tu, kisha akampa mdogo wake karatasi aende nayo, maana ilikuwa ngumu na nzuri kwa kukatia violezo vya mifuko ya sare za wauguzi. Mnaovaa sare hapa, mifuko yenu ilikatwa kwa kufuata jicho la huyu anayesoma.

Kufika mwisho wa mwaka 2010 namba ilikuwa tisini na nane. Mwaka uliofuata, tisini na nne. Marehemu alijikuna kichwa. Akaita fundi wa kampuni ya mashine. Fundi alikuja Februari 2012, akasafisha vioo, akasema taa ya ndani imeanza kuchoka, hutokea. Akaingiza nyongeza kwenye hesabu za mashine mpaka jicho la Jumatatu likarudi mia na moja. Marehemu alifurahi, akamnunulia soda. Julai 2013 namba ikawa imeshuka tena, fundi akaitwa tena, akaongeza tena.

Mtaelewa kilichotokea. Mashine ilikuwa nzima. Jicho ndilo lililokuwa linakufa, nao wakairekebisha mashine ilingane na jicho.

Na dalili zilikuwepo, basi tu. Mdogo wake alikuwa akigonga miimo ya milango kwa bega. Alikuwa akimwaga chai iliyowekwa pembeni yake. Pini akizichomeka upande wa kulia wa kitambaa hazioni tena, anazikuta kwa kidole. Kichwa kilimuuma mchana, akameza dawa, akaendelea kushona. Wenzake wa chumba cha ushonaji walimtania kwamba sasa uzee umepiga hodi, naye alicheka nao, kwa sababu miaka hamsini ilikuwa inakaribia kweli. Marehemu mwenyewe alimtania. Alimwambia atamnunulia kengele aivae, milango imsikie akija.

Jumatatu, tarehe 3 Novemba 2014, mdogo wake alifika na chokea kwenye kope la kulia, jicho limevimba halifunguki vizuri. Alitaka kurudi. Marehemu akasema haidhuru, leo tuchukue la kushoto. Miaka mitano walikuwa hawajawahi kulipima la kushoto. Karatasi ikatoka. Akaitazama, akamwomba mdogo wake alete karatasi ya wiki iliyopita kama hajaikata. Ilikuwa haijakatwa. Akaziweka mbili mezani, ya kulia na ya kushoto, jinsi macho yanavyokaa usoni.

Mdogo wake alimwona akishika ukingo wa meza, kisha akazikusanya karatasi na kumpeleka kwa daktari.

Daktari wa macho, yule mama ambaye yupo hapa leo, alieleza baadaye kwa lugha ambayo hata fundi cherehani aliielewa. Kila jicho lina upande wa puani na upande wa sikioni. Karatasi ya jicho la kulia ilionyesha utandu umeliwa upande wa puani, na marehemu alikuwa amelizoea doa hilo, akiamini ni kioo kilichofifia. Lakini kioo kikififia, kitakosea upande uleule wa karatasi, jicho lolote uweke. Karatasi ya kushoto ilikuwa imeliwa upande mwingine, nao ulikuwa wa puani pia. Vidonda viwili vilitazamana. Hakuna mashine inayoharibika namna hiyo. Kitu pekee kinachoweza kuumiza macho yote mawili hivyo kiko nyuma ya pua, chini ya ubongo, mahali ambapo mishipa ya macho mawili inapishana. Chini kidogo ya hapo hukaa tezi ya pituitari, ukubwa wa njegere. Ikiota uvimbe, uvimbe huo husukuma mishipa kutoka chini, na mtu hupoteza pembe za kuona pole pole, kulia na kushoto, mpaka anabaki kutazama dunia kama kwa ufa wa mlango. Picha ya retina haiuoni uvimbe wenyewe. Inaona kilichokwisha kufa, na inasema nenda katazame wapi.

Walikwenda wakatazama. Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe wa sentimita tatu. Mdogo wake alifanyiwa upasuaji kupitia puani, tarehe 20 Novemba mwaka huohuo. Jicho la kushoto lilirudisha uono karibu wote. La kulia halikurudi upande wa kulia, na halitarudi. Daktari aliulizwa kwa nini, naye hakuficha: pale utandu ulipokuwa umebaki mnene, uono ulirudi, pale ulipokwisha kuliwa, hapakuwa na cha kurudisha. Marehemu akauliza je, ingekuwa mwaka 2011? Daktari akasema ingekuwa 2011, huenda vyote vingerudi.

Mdogo wake alikasirika. Asingependa mjidanganye kwamba alilichukua kwa upole. Kwa miezi saba hakumsemesha kaka yake. Alimpa kisogo kwenye korido, alimrudishia chakula alicholetewa. Alisema maneno kwa watu, na maneno yakafika. Mtu ameweka kidevu mbele yako Jumatatu mia mbili na hamsini, wewe unatazama namba. Kaka, wewe una macho yako yote mawili. Ungejaribu jicho la mtu mwingine hata mara moja, la mfagizi, la wifi, lako mwenyewe kwa kusaidiwa, isingechukua dakika tano. Marehemu aliyasikia yote, na hakujitetea. Alimwambia wifi kwamba ni kweli. Hakuwahi kushuku lile jicho kwa sababu lilikuwa la mdogo wake, na la mdogo wake lazima liwe zima.

Kitu kimoja alifanya. Asubuhi ya kwanza mdogo wake aliporudi kazini alimkuta kaka yake mlangoni mwa nyumba yake. Akamwambia asimfuate. Marehemu akamfuata, upande wa kulia, upande uliokufa, hatua moja mbele kidogo. Kukiwa na shimo, alipunguza mwendo. Kukiwa na baiskeli inakuja, alinyoosha mkono. Ikawa hivyo miezi yote ile, kwenda na kurudi, kama watu wawili wasiojuana wanaoelekea njia moja.

Wakati huohuo alikuwa na mzigo mwingine. Mashine iliyoongezewa hesabu ilikuwa imewapima wagonjwa wote tangu Februari 2012, na wote walikuwa wamepewa utandu mnene kuliko walio nao. Mafaili mia sita na arobaini. Mganga mkuu wa wakati huo hakupenda hao watu waitwe. Alisema tutaleta taharuki, mashine imesharekebishwa, tuendelee mbele. Marehemu akavuka uwanja, akaingia chumba cha ushonaji mdogo wake akiwa kwenye kiti chake anamtazama bila salamu, akafungua droo ya violezo, akatoa mifuko yote ya karatasi, ile iliyokatwa kwenye karatasi za Jumatatu, iliyokuwa bado na tarehe. Ilikuwa sitini na moja. Akaenda kuipanga juu ya meza ya mganga mkuu kwa mfuatano, ikajaa meza ikashuka mpaka sakafuni.

“Huyu ni mdogo wangu,” akamwambia. “Na hawa wengine ni wadogo wa watu.”

Wakaitwa. Kwa simu, kwa barua, na wasiopatikana marehemu aliwafuata kwa miguu siku zake za mapumziko. Kazi ilimchukua miezi mitano na ilimzeesha. Suruali zilianza kumpwaya, mdogo wake akawa anazipunguza kiuno akipelekewa na wifi, bila kuuliza ni za nani. Walio wengi walikuwa hawajadhurika. Wawili walikutwa na vidonda vinavyotazamana. Mmoja alikuwa mwalimu aliyetiwa dawa za presha ya macho miaka miwili bure; alipasuliwa, anafundisha mpaka leo. Mwingine alikuwa seremala. Huyo alikuwa amechelewa, macho yote mawili. Marehemu alikwenda nyumbani kwake, akaketi, akamweleza kila kitu, pamoja na soda aliyomnunulia yule fundi. Seremala akauliza swali moja: kwa nini hukukaa kimya, maana nisingejua? Marehemu alirudi kila Jumamosi ya mwanzo wa mwezi kwa miaka tisa, wakinywa chai. Jeneza hili amelipiga msasa seremala huyo kwa mikono yake, na alisema asiachiwe mtu mwingine alimalizie.

Baada ya hapo hapakutoka karatasi ya jicho moja kwenye chumba chake. Alichukua ya kulia na ya kushoto, akazibandika kwa gundi ya karatasi, pua katikati, ndipo akampelekea daktari. Madaktari vijana walimwona mzee mwenye wazimu wa gundi. Walimtania, wakaacha kumtania walipoanza kuona. Mpaka anastaafu tarehe 31 Agosti 2017, na kwa miaka mingine minne ya mkataba, watu kumi na wanne walitumwa kupigwa picha ya kichwa kwa sababu ya karatasi zake zilizobandikwa. Kumi na mmoja kati yao waliwahi. Aliwakumbuka wale watatu kuliko kumi na mmoja, na kila aliyejaribu kumwambia ageuze hesabu alimkubalia tu ili amalize mazungumzo.

Siku mdogo wake alipomsemesha tena hapakuwa na sherehe. Ilikuwa Juni 2015, njiani, pikipiki imesimama vibaya. Marehemu alinyoosha mkono kama kawaida. Mdogo wake akasema, “Nimeiona.” Alikuwa hajaiona, na kaka yake alijua. Wakaendelea na safari. Tangu hapo waliongea mambo ya kila siku, bei za vitambaa, magoti, watoto. Lile jambo lenyewe hawakuligusa.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kupanuka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, ngazi tatu zikamshinda. Alilazwa mara nne. Hata hivyo asubuhi alijikokota mpaka kwa mdogo wake, na kwa kuwa hakuweza kwenda upesi, siku hizo mdogo wake alichelewa kazini kila siku, na msimamizi alipouliza alijibiwa kwamba cherehani haitakimbia. Mwezi Mei mwaka huu hakuinuka tena.

Jumatatu, tarehe 10 Juni 2024, mdogo wake alikaa naye wodini. Kitanda kilikuwa karibu na dirisha, shuka lilikuwa moja ya yale aliyoyashona mdogo wake mwenyewe. Marehemu alikuwa amechoka kupita kiasi cha kuongea. Alifumbua macho, akauliza kwa sauti ya chini, “Umewahi kunisamehe?”

Mdogo wake akamwambia, “Kaka, pumzika kwanza.” Alidhani kesho ipo. Alitaka kulisema vizuri, si pale mbele ya watu wa vitanda vingine. Marehemu akaitikia kwa kichwa, akalala. Alifariki siku iliyofuata, Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, mdogo wake akiwa njiani, anatembea peke yake, pole pole, akigeuza shingo kulia aone njia.

Kwa hiyo linasemwa hapa, mbele yenu nyote, kwa kuwa pale halikusemwa. Amesamehewa. Alisamehewa siku ya pikipiki, pengine hata kabla ya hapo. Mdogo wake alikuwa anachelewesha tu, kwa kiburi, na kwa sababu aliogopa kwamba likishasemwa kaka ataona kazi imekwisha na hatakuja tena mlangoni asubuhi. Hilo ndilo jibu lililotakiwa Jumatatu, nalo limechelewa siku tano.

Marehemu ameacha mjane mmoja, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake. Ameacha karatasi sitini na moja zenye umbo la mfuko, ambazo daktari ameomba zitunzwe ili wapiga picha wapya wafundishwe. Ameacha nafasi ya mtu mmoja, upande wa kulia.

Mtakaposindikiza jeneza, mabinti zake watatangulia na mjane wake atakuwa katikati yao. Mdogo wake ameomba asishikwe mkono na mtu yeyote. Apumzike sasa kaka yetu, amani imfunike. Tukitoka hapa mdogo wake atageuza shingo mwenyewe.